Mwanaume Anayetafuta Kifungo

Kwa miezi saba niliifahamu sinema moja kwa masikio tu. Cherehani yangu ilikaa barazani, mtaa wa Somanda pale Bariadi. Nyuma ya mgongo wangu kulikuwa na ukuta wa mabati, na nyuma ya mabati kulikuwa na ukumbi wa video. Mabati hayazuii kitu. Huku nikishona sare za shule nilisikia jenereta ikikohoa, watu wakicheka, na juu ya yote hayo sauti ya mwanaume mmoja akieleza kila kinachotokea kwenye televisheni, kwa Kiswahili kilichochovywa Kisukuma, kama mtu anayewasimulia wageni ugomvi wa jirani. Huyo ndiye Mkalimani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mjini hapakuwa na aliyelihitaji.

Kilichoniudhi ni sehemu moja. Kila jioni, sinema ikikaribia mwisho, Mkalimani alitangaza: "Sasa Masanja anapiga goti. Msishtuke! Kifungo cha koti kimedondoka, anakitafuta." Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni fundi. Koti gani linaangusha kifungo kila siku saa kumi na moja jioni, na aliyelishona yuko wapi? Niliona kama ninasemwa mimi.

Ilikuwa sinema kuukuu ya Wazungu, ya vichekesho, ya mapenzi na ndoa, iliyonakiliwa kutoka kanda ambayo nayo ilinakiliwa. Hata niliposimuliwa tu nilielewa kwamba waliotengeneza hawakuwa na kitu mfukoni. Mlango ukifungwa, ukuta wa nyumba ulitikisika wote. Mkalimani alisema upepo wa kwao ni mkali. Juu ya vichwa vya watu palining'inia kidude cheusi cha kunasia sauti, kilichosahauliwa pale. Mkalimani alisema ni popo, na kwamba Wazungu huwaacha popo ndani kwa sababu ya mbu. Mtu aliyeleta chai hotelini ndiye huyo huyo aliyekuja kufungisha ndoa, kabadili koti tu. Watu wakahoji. Mkalimani hakubabaika hata kidogo: "Yule wa chai ni Kulwa, huyu wa kanisani ni Doto. Kwani nyie pacha hamjawahi kuwaona?" Usukumani jibu hilo halina rufaa.

Majina yote aliyatoa yeye. Kijana alikuwa Masanja, binti alikuwa Kabula, na baba wa binti, mnene wa kuvuta sigara kubwa, aliitwa Mkwe. Mkwe akifoka kwa Kiingereza dakika nzima, Mkalimani alitafsiri kwa sentensi moja: "Anasema ng'ombe ishirini, na asiletewe ndama." Masanja akijibu neno moja, yeye alitafsiri dakika nzima. Nadhani alimhurumia.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa chama cha msingi, mtu wa kupima pamba. Wanunuzi binafsi walipoingia na malori yao, mizani yake ikakosa kazi, na yeye akabaki na suti moja ya Kaunda ya rangi ya kahawia, miwani, na tabia ya kupanga dunia kwa madaraja. Pamba ina madaraja mawili, safi na fifi, na kwake kila kitu kilikuwa hivyo. Chai ilikuwa safi au fifi. Mahubiri ya Jumapili, safi au fifi. Mimi aliwahi kuniambia, "Fundi, mkono wako ni safi, ila mdomo wako ni fifi." Nilimjibu kwamba mdomo haushoni.

Alikuwa na msemo wake: "Mizani haina shemeji." Maana yake, hata ndugu yako pamba yake ipimwe sawa na ya mwingine. Wazee waliomjua enzi za ukarani waliapa kwamba hakuwahi kumpunja mkulima hata nusu kilo. Mtu huyo huyo alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, fimbo ya kuchungia mkononi, akiwaambia watu kwamba kidude kile ni popo. Nilipomuuliza anavyopatanisha mambo hayo mawili, alinitazama juu ya miwani. "Pamba ni ya mtu, Fundi. Sinema ni ya wote."

Na hakuinama. Hilo kila mtu alilijua. Kitu kikidondoka alikivuta kwa fimbo mpaka ukutani, akakipandisha ukutani kwa ncha ya fimbo mpaka mkono wake ukifikie. Niliwahi kumwona akihangaika hivyo na sanduku la kiberiti, muda ambao ungetosha kuniwezesha kupinda suruali. Wanawake huku kwetu hupiga magoti wakisalimia wakubwa, wakimpa mtu maji, wakipokea zawadi. Wanaume hawapigi. Lakini Mkalimani alizidisha. "Mwanaume huinama kwa jambo moja tu," alikuwa akisema, "kufunga nira." Halafu alinyamaza, kwa sababu nira yenyewe hakuwa nayo tena, na sisi sote tulijua kwa nini.

Ilikuwa hivi. Enzi zile za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila kitu kilikuwa kinaingia mjini: mitumba, redio za kaseti, sabuni za harufu ambazo hatukuzijua. Mfanyabiashara mmoja kutoka Lamadi akaleta televisheni, deki na jenereta. Mkalimani akavitazama siku mbili. Siku ya tatu, mkewe akiwa kisimani, akatoa maksai wao wawili wa kulimia, akavichukua vile vitu. Hiyo ilikuwa wiki ya mvua za kwanza. Mama wa watu akarudi na ndoo kichwani, akakuta zizi tupu na kioo cheusi sebuleni. Alitua ndoo taratibu, maji yasimwagike.

"Maksai wako wapi?"

"Wamegeuka hivyo," alijibu Mkalimani, akionyesha kwa fimbo.

"Haya. Basi ifunge plau hiyo televisheni yako, tuone kama italima."

Kesho yake alikwenda kwao Ngulyati. Mwanamke huyo alikuwa rafiki yangu. Alikuwa akikaa kwenye benchi langu akichambua mchicha, akinisaidia kutunga uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa makali kuliko yangu. Nilimkosa sana. Benchi lilibaki, nikaweka vitambaa, lakini vitambaa havikuambii habari.

Mkalimani alituma wazee. Walikwenda, wakala, wakanywa, wakarudi na ujumbe: "Sikuolewa na wazee. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kwamba amekosa." Alituma wazee wengine, wenye mvi zaidi. Jibu likawa lile lile, na safari hii hawakupewa hata chakula. Mara ya tatu wazee wenyewe waligoma. Miezi ikapita, shamba likaota majani, naye akaendelea kukaa kwenye kigoda chake akiwaeleza watu mapenzi ya Masanja na Kabula.

Ajabu ni kwamba wanaume walimfuata kwa ushauri wa ndoa. Ukumbi ukifungwa, walibaki wawili watatu, na mimi huku nje nasikia. "Mkalimani, mke wangu amenuna, nifanyeje?" Yeye aliwajibu kwa utaratibu, kwa busara kweli: mpelekee kitambaa, msifu chakula, mtembelee mama yake. Mganga hajigangi. Wakiondoka nilimsikia akipiga miayo peke yake na kujipikia uji. Uji wake ulikuwa fifi, nilinusa.

Sasa kuhusu kile kifungo. Vijana wa Bariadi hawakuwa wajinga. Waliona kwamba kila Masanja akitafuta kifungo mbele ya Kabula, Kabula analia na kucheka, na picha inayofuata wapo kanisani kwa Doto. Wakajumlisha wenyewe. Kifungo ni kitu cha koti, kifungo ni jela, na ndoa nayo hufungwa. Mara mji mzima ukaanza: "Fulani yuko wapi?" "Amekwenda Nyalikungu kutafuta kifungo." Maana yake amekwenda kuposa. Akinamama sokoni walisema hivyo, hata katekista alisema. Mtu mmoja tu hakulipenda neno hilo, naye ni aliyelizaa. Akilisikia alikunja uso na kubadili mazungumzo.

Mimi nililijua neno hilo kwa kuchelewa. Kijana mmoja wa Zagayu alisimama mbele ya cherehani yangu na shati lenye vifungo vyote, akasema kwa kigugumizi, "Fundi, natafuta kifungo." Nilimfungulia kopo, nikampa vitatu bure. Akavipokea, akaondoka akiwa amesawajika. Wasichana wa duka la pili walicheka mpaka wakakaa chini, ndipo wakanieleza. Kijana huyo alirudi wiki iliyofuata, na ndiye baba wa wanangu, lakini siku ile nilichotaka kujua ni kitu kimoja: kuna nini kwenye hiyo sinema?

Nikafunika cherehani, nikaingia ukumbini kwa mara ya kwanza. Niliketi nyuma. Nilimwona Masanja, nikamwona popo. Ilipofika saa yake, kijana akapiga goti, akatoa kikasha kidogo mfukoni, akakifungua. Ndani kulikuwa na pete. Koti lake lilikuwa na vifungo vyote. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini alichosema yule kijana nilikielewa, na uso wa yule binti haukuhitaji Kiingereza.

"Kifungo kimedondoka," alisema Mkalimani, akiutazama ukuta.

Nilisubiri watu watoke. Alikuwa akikunja waya wa jenereta.

"Mkalimani, yule hatafuti kifungo."

"Anatafuta nini?"

"Anamwomba yule dada amkubali. Kwao mwanaume anayetaka mke anapiga goti, anaomba."

Aliendelea kukunja waya, ukaisha, akaukunjua, akaanza upya. "Fundi," alisema mwisho, "wewe shona."

Nilitoka nimekasirika. Nilimwona mtu mwenye kiburi asiyetaka kusahihishwa na mwanamke, na niliwaambia hivyo wale wasichana wa duka la pili kwa maneno mengi. Lakini siku iliyofuata, saa kumi na moja ilipofika, nyuma ya mabati palikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Masanja mwenyewe, sauti yake nyembamba ya Kizungu, akisema maneno yale. Watu wakaanza kelele. "Mkalimani! Anatafuta nini? Umelala? Sema!" Kisha nikasikia sauti yake, ya chini mno. "Leo simwoni vizuri." Jenereta ikazimwa, na watu walitoka wakinung'unika.

Asubuhi alikuja barazani na suti ya Kaunda mkononi. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa hakipo, na safari hii ilikuwa kweli.

"Kishone vizuri," alisema. "Nakwenda Ngulyati. Nataka mtu wa kunisindikiza asiyekuwa mzee."

Alinipakia kwenye baiskeli. Njiani midomo yake ilikuwa inatembea yenyewe. Alisimama mara mbili kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Mara ya pili nilimwambia upepo wa huku si mkali, twende.

Tuliingia uani kwa wakwe zake kabla jua halijapanda. Baba mkwe alikuwa anachonga mpini wa jembe. Mama mkwe alituona, na kwa kuwa mkwe haonani ovyo na mama wa mkewe, alikimbilia ndani. Mlango hakuufunga wote. Rafiki yangu alikuwa anaanika mpunga kwenye turubai. Alinyoosha mgongo, akanitazama mimi, kisha yeye. Mkalimani alimsalimia baba mkwe. Akaiegemeza fimbo ukutani. Halafu akashuka, goti moja, kisha la pili, pole pole kama ngamia, pembeni ya turubai.

Baba mkwe aliacha kuchonga. Kwa kweli aliogopa. "Mkwilima, mkwe wangu, umedondosha nini?"

"Kifungo, baba."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema moyoni, amekuja mpaka hapa, bado anatafsiri. Lakini mkewe alisogea. Lile neno lilikuwa limeshafika Ngulyati siku nyingi. Aliitazama suti, akavipitia vifungo kwa kidole, kimoja kimoja, toka juu mpaka chini.

"Vyote vipo," alisema. "Na hiki cha pili ni uzi wa Fundi, naufahamu. Sema unachotafuta."

Kuku alipita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Nakutafuta wewe. Nimekosa. Maksai walikuwa wetu, nikawatoa kama wangu."

"Rudia. Baba hasikii vizuri."

Baba yule alikuwa anasikia hata panya akitembea darini. Lakini Mkalimani alirudia, na safari hii kwa sauti ya ukumbini, ile ya kushinda jenereta, hata majirani waliokuwa wanachimba viazi ng'ambo ya pili walisimamisha majembe. Nyuma ya mlango nilisikia mama mkwe akiziba mdomo. Mimi nililia, nakiri, na sikujua nalia nini.

"Haya simama," alisema mkewe. "Umekalia mpunga."

Alirudi Jumapili, na masharti yake mwenyewe. Msimu wa kulima ukumbi unafungwa. Mlangoni anakaa yeye. Na kitu chochote chenye miguu minne kisitoke zizini bila yeye kuulizwa. Misimu miwili baadaye walipata maksai wengine, wakawaita Deki na Jenereta. Benchi langu likapata mtu wake. Sinema nayo ikaendelea, na ilipofika pale pale Mkalimani alisema vile vile, "Kifungo kimedondoka, anakitafuta." Ila sasa kutoka mlangoni sauti ya mwanamke iliuliza, "Kimepatikana?" Naye alijibu, "Kimepatikana," na watu walikuja kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya Masanja.

Mimi niliolewa, nikahamia Maswa. Miaka imekwenda. Bariadi imekuwa makao ya mkoa, ina lami na taa, na picha watu wanazitazama kwenye simu, kila mtu peke yake, bila wa kuwaambia popo ni nini. Mwaka jana nilipita Ngulyati, nikasikia wale wawili wamejenga huko. Nikaenda.

Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, mwembamba, fimbo ile ile mapajani. Ile televisheni ilikuwa kibarazani, kioo kimetolewa, na ndani yake kuku alikuwa anaatamia. Alinitambua kwa sauti. "Fundi! Mdomo bado fifi?" Tulicheka sana. Ndipo nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote. "Mkalimani, niambie kweli. Ulikuwa hujui kwamba Masanja anaposa?"

Alitazama kule jikoni kulikokuwa na moshi, akashusha sauti.

"Nilijua siku ya kwanza. Karani mimi, barua zote za Kiingereza za chama nilizisoma mimi. Lakini mke wangu alikuwa huku, amesema nije niombe. Sasa niwaambie watu wa Bariadi kwa mdomo wangu kwamba kuna mwanaume duniani anapiga goti kwa mwanamke, na hafi? Wangeniuliza, wewe unasubiri nini?" Akafuta miwani. "Mizani haina shemeji, Fundi. Nilijipunja mwenyewe miezi saba."

Niliona huruma, na niliona aibu kwa jinsi nilivyomsema.

Mkewe alitoka na beseni na jagi la maji ya kunawa. Amezeeka vizuri, macho bado makali. Alipiga magoti mbele yetu kama tulivyofundishwa sote, akamwagia mumewe maji. Mkalimani akainua fimbo, akamwelekezea, na ile sauti ya ukumbini ikatoka, imepasuka kidogo lakini ipo. "Sasa Kabula naye anapiga goti. Msishtuke!"

"Miaka hamsini napiga magoti," alisema mkewe bila kuacha kumimina, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza natafuta nini."

Alisema kwa mzaha. Lakini Mkalimani hakucheka. Aliweka fimbo chini. Akashika mikono ya kiti, akashuka, goti moja, kisha la pili, magoti yakilia kama kuni mbichi motoni, mpaka akawa ana kwa ana naye. Akachukua jagi, akammwagia yeye.

Hapo ndipo ikajulikana kwamba kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Yeye alijaribu, akarudi chini. Mkewe alimshika bega ajinyanyue, wakayumba wote, beseni likamwagika. Wakabaki hapo chini kwenye tope, wakishikana mikono, wakicheka kicheko kisicho na sauti. Niliweka mkoba nikawanyanyue. Jirani mmoja alikuwa anapita njiani na ng'ombe wake, akasimama kwenye ua, akatusalimu kwa Kisukuma huku akitukodolea macho.

"Mwadila! Jamani, mmepoteza nini hapo chini?"

Kabla sijafungua mdomo wangu fifi, walimjibu wote wawili kwa pamoja.

"Kifungo."